Kumwona pofu si kumsoma

Huko Kamberg, katika milima ya Drakensberg nchini Afrika Kusini, kuna mwamba ulioinama kama paa la baraza. Mahali hapo huitwa Game Pass. Ukutani amechorwa pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, kwa rangi nyekundu na nyeupe zilizochanganywa kwa ustadi hata mwili wake ukaonekana na unene. Kichwa kimeinama, nywele zimemsimama, miguu ya nyuma imepishana kama ya mlevi anayetafuta pa kukanyaga. Nyuma yake yupo mtu aliyemshika mkia. Ukitazama harakaharaka utasema huyu ni mwindaji, mshale wenye sumu umeshafanya kazi yake na sasa anangoja nyama ianguke. Tazama tena. Miguu ya mtu huyo nayo imepishana vilevile, na inapoishia hakuna nyayo, kuna kwato.

Ninachotetea hapa ni jambo moja. Michoro ya miamba ya kusini mwa Afrika iliachwa na watu waliokuwa na maelezo yake, na sehemu ya maelezo hayo iliandikwa wenyewe wangali hai. Kwa hiyo anayeanza kwa kukodoa macho na kuuliza "hiki kinafanana na nini?" ameingilia mlango wa nyuma. Aanze na maneno, ndipo arudi ukutani. Linasikika kuwa jambo jepesi, lakini wasomi wakubwa walilipuuza kwa miongo mingi, na mpaka leo si vigumu kukuta kitabu cha shule au kipeperushi cha utalii kinachosema kwamba watu wa kale walichora wanyama waliowawinda kwa sababu ndicho walichokiona kila siku. Kiswahili kimetupa kejeli ya bure katika habari hii: mnyama aliyechorwa kwa upendo kuliko wote kwenye miamba ya Drakensberg anaitwa kwa jina lililojificha ndani ya "kipofu" na "upofu".

Mfano wa macho yaliyopotea njia ni maarufu. Mwaka 1918 Mjerumani mmoja mpima ardhi, Reinhard Maack, alikuta kwenye mlima Brandberg, Namibia, msafara wa watu waliochorwa mwambani, na katikati yao mmoja mwenye miguu myeupe na kitu mkononi. Nakala ya mchoro huo ilimfikia padri Mfaransa Henri Breuil, aliyekuwa mamlaka ya juu kabisa ya michoro ya mapangoni huko Ulaya. Breuil alitazama akaona mwanamke, tena mgeni, mwenye sura ya watu wa Mediterania na mavazi ya kisiwa cha Krete. Akamwita Mwanamke Mweupe, akamtungia kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1955. Leo watafiti wamekubaliana kwamba "mwanamke" huyo ni mwanamume Mwafrika mwenye upinde na mishale, na weupe wake ni rangi ya kujipaka, kama wanavyojipaka watu wengi wa bara hili siku ya ngoma. Breuil hakuwa mjinga. Macho yake yalikuwa yamezoea kazi hiyo kuliko ya mtu yeyote wa zama zake, na ndiyo maana kosa lake lina uzito: lilitoka kwenye macho bora kabisa yaliyotazama bila kuuliza. Wala halikuwa kosa la mtu mmoja. Ni ugonjwa uleule uliowafanya walowezi wa Rhodesia wadai kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Wafoeniki, hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuonyesha mwaka 1929 kwamba ni kazi ya Waafrika.

Na wa kuuliza walikuwapo. Wachoraji walikuwa mababu wa watu tunaowaita leo Wasan, jina walilopewa na majirani zao wafugaji, wala si la heshima sana. (Kwa sikio la Mswahili liko hatua moja tu kutoka "wasanii", lakini hiyo ni bahati ya sauti.) Mwaka 1870 mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyekuwa akiishi Cape Town, alipata habari kwamba katika gereza la bandarini kuna wafungwa wanaosema lugha ya /Xam, ya Wasan wa nyika kame za Karoo. Mkwaju huo mwanzoni mwa jina ni mlio wa kubandua ulimi kwenye meno, kama afanyavyo mtu anayesikitika. Bleek aliomba wafungwa hao wakae nyumbani kwake. Mmoja wao, mzee aliyeitwa //Kabbo, jina lenye maana ya ndoto, alifungwa kwa wizi wa mifugo. Mikwaju yake miwili ni mlio wa kando ya ulimi, ule ambao watu wengi huutumia kumhimiza mnyama atembee. Kifungo chake kilipokwisha alikubali kubaki ili afundishe, maana alitaka hadithi za kwao zijulikane kwa njia ya vitabu. Bleek alifariki mwaka 1875, na shemeji yake, Lucy Lloyd, akaendelea na kazi kwa miaka mingi. Daftari zao zina kurasa zaidi ya 12,000, /Xam upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Wakati huohuo, mamia ya kilomita kutoka hapo, mambo mengine yalikuwa yakitokea kwenye milima ya Maloti, katika nchi tunayoiita leo Lesotho. Mwaka 1873 afisa wa kikoloni Joseph Orpen alipita huko akiongozwa na kijana Msan aliyeitwa Qing. Walipopumzika chini ya miamba ya Melikane na Sehonghong, Orpen alinakili michoro na kumwuliza kijana maana yake. Qing alimweleza juu ya wanaume wenye vichwa vya swala: ni watu waliokufa na sasa wanaishi mitoni, walioharibiwa wakati uleule mapofu walipoharibiwa, kwa ngoma zilezile zilizochorwa hapo. Kwenye mchoro wa mnyama wa ajabu anayekokotwa kwa kamba, alisema mnyama huyo ni nyoka, kwamba wote wako chini ya maji, na kwamba watu wale wanatokwa damu puani kwa sababu ya ngoma.

Orpen alituma nakala zake Cape Town. Bleek akamwonyesha mfungwa mwingine wa /Xam, Dia!kwain, ambaye hakuwahi kukutana na Qing wala kufika Maloti. Dia!kwain aliutazama mchoro wa mnyama anayekokotwa akasema ni mnyama wa mvua; waganga wamemkamata majini na wanampitisha juu ya nchi ili mvua inyeshe anapopita. Hakusema nyoka, na tofauti hiyo haifai kufichwa. Lakini mlinganishe na Breuil. Watu wawili wa sehemu mbili, wenye lugha mbili, waliotenganishwa na safari ya wiki nyingi, waliuweka mchoro mmoja mahali pamoja: majini, mikononi mwa waganga, katika kazi ya kumtawala kiumbe asiye wa kawaida. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Hawa wanawinda kiboko." Mtazamaji mgeni, kwa macho yake tu, angesema hivyo bila kusita.

Rudi sasa Game Pass. Damu puani na ngoma ndivyo vilivyomfungulia mlango David Lewis-Williams, mtafiti wa Afrika Kusini, alipoandika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Aliweka pamoja daftari za Bleek na Lloyd, maelezo ya Qing, na habari za ngoma za uponyaji za Waju/'hoansi wa Kalahari, zilizoandikwa na familia ya Marshall kuanzia miaka ya 1950. Kwenye ngoma hizo wanawake hukaa kuuzunguka moto, huimba na kupiga makofi, na wanaume hucheza kwa kuwazunguka mpaka nguvu iliyomo mwilini ianze kuchemka tumboni na kupanda uti wa mgongo. Hapo mganga huinama mbele, hutetemeka, hutoka jasho, miguu humwisha nguvu, pengine huanguka. Wenyewe huiita hali hiyo kufa. Msomaji wa pwani atakumbuka upesi ngoma za pepo na kupandisha, na hapo namwomba asimame kidogo, kwa kuwa kinachopanda kwa mganga wa Kalahari si pepo aliyeingia kutoka nje, ni nguvu yake mwenyewe. Hata mifano ya nyumbani inaweza kutupoteza kama ile ya Krete ilivyompoteza Breuil.

Mtazame tena pofu anayekufa: anainama, anatetemeka, anatoka jasho, miguu inapishana. Anakufa kama mganga anavyokufa. Mtu aliyemshika mkia amepishanisha miguu kama yeye na ameota kwato kwa sababu anachota nguvu zake. Kila jambo lililokuwa la kushangaza kwenye mchoro huo, ambalo hoja ya uwindaji ililazimika kuliruka, linapata kazi. Hicho ndicho kipimo changu cha ufafanuzi mzuri: haubakishi kwato nje ya maelezo.

Ushahidi wa mifupa unakubali. Waakiolojia waliochimba kwenye sakafu za makazi hayo hukuta zaidi mabaki ya swala wadogo na mawindo mengine ya kawaida, lakini ukutani anatawala pofu. Patricia Vinnicombe, aliyehesabu michoro kwa maelfu kusini mwa Drakensberg na kutoa kitabu mwaka 1976, alionyesha jinsi mnyama huyo alivyopewa nafasi na matunzo kuliko wote. Nyumbu, waliokuwa makundi kwa makundi nchi ya jirani, wamechorwa mara chache mno. Kama picha zingekuwa orodha ya kitoweo au kumbukumbu ya kilichopita mbele ya macho, hesabu hiyo isingetoka hivyo. Lakini ukimsikiliza Qing akisimulia kwamba Cagn, muumba, alimuumba pofu na kumlea kwa mapenzi, na kwamba Cagn aliumia pofu huyo alipouawa, hesabu inaeleweka.

Halafu kuna rangi yenyewe. Karibu mwaka 1930, huko Qacha's Nek, Lesotho, mwanamke aliyeitwa Marion How alimwomba mzee Mapote amwonyeshe namna ya kuchora. Mapote hakuwa Msan kwa baba. Alikuwa mtoto wa Moorosi, chifu wa Waphuthi, lakini baadhi ya wake za baba yake walikuwa Wasan, na utotoni alichora pamoja na ndugu zake wa upande huo. Alidai vitu viwili. Cha kwanza ni jiwe jekundu linalometameta kutoka milimani, lipashwe moto na kusagwa liwe unga. Cha pili ni damu ya pofu, tena mbichi, ikiwa bado na joto, kwa sababu ikiganda hainyonywi na jiwe. Pofu walikuwa wameshatoweka sehemu hizo, ikabidi atumie ya ng'ombe. Nusu karne baadaye, katika wilaya moja ya mashariki mwa Rasi (Cape), Afrika Kusini, bibi mmoja ambaye baba yake alikuwa Msan na mchoraji aliwaeleza watafiti kwamba damu iliyomo kwenye rangi ndiyo iliyobeba nguvu, na kwamba wachezaji waliigeukia michoro ili nguvu hiyo iwaongezee yao. Picha ya namna hiyo haikukusudiwa kutazamwa tu. Ilikuwa chombo, kama kilivyo chetezo.

Sasa mapingamizi, na yapo yenye nguvu. La kwanza ni la umbali na wakati. Wa/Xam wa Bleek walitoka kwenye nyika ambako watu walichonga mawe zaidi ya kuchora. Waju/'hoansi wa Kalahari hawachori kabisa, na wako zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Drakensberg. Nani ametupa ruhusa ya kuwafanya wakalimani wa wengine? Jibu langu ni kwamba ruhusa hiyo hutolewa kipande kwa kipande, kwa kupima. Jambo likitajwa na Qing milimani, na Dia!kwain kutoka Karoo, na tena likionekana kwenye ngoma za Kalahari, kisha likawepo ukutani kwa alama za wazi kama damu ya puani, tuna haki ya kulitumia. Likitajwa sehemu moja tu, tunyamaze. Kuhusu wakati, mwaka 2017 kundi lililoongozwa na Adelphine Bonneau lilitangaza vipimo vya rangi zenyewe: baadhi ya michoro ya kusini-mashariki mwa Botswana ina umri wa kufikia miaka 5,700, na ya Lesotho na jirani zake karibu 3,000. Ni muda mrefu, nakubali, lakini mtindo na mambo yanayochorwa vinashikana. Vibao vya mawe vya pango la Apollo 11 nchini Namibia, vyenye zaidi ya miaka 25,000, ni habari nyingine. Siko tayari kumpeleka Qing huko akatafsiri, na anayefanya hivyo anaharibu hoja yetu.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya nyumba. Anne Solomon na wengine wamelalamika kwamba Lewis-Williams na wafuasi wake wamegeuza kila mstari kuwa njozi ya mganga. Qing alizungumzia watu waliokufa na wanaoishi mitoni. Kwa nini tusimwamini kwamba wale ni wafu, roho, watu wa hadithi za asili? Nadhani wana haki kwa sehemu kubwa. Neno "njozi" limekuwa ufunguo unaofungua kila kufuli, na ufunguo wa namna hiyo huwa ni wa mwizi. Lakini angalia jinsi Solomon anavyobishana: anarudi kwenye sentensi za Qing, anazisoma upya, anauliza zilitafsiriwaje. Ugomvi wao unaendeshwa juu ya maneno ya wenye michoro. Ndiyo nidhamu ninayoitetea, bila kujali nani atashinda.

La tatu ni chungu zaidi. Maneno yalitoka kwa wafungwa na kwa kijana aliyeajiriwa na afisa wa serikali, miaka ambayo watu wao walikuwa wakiuawa. Mwaka 1863 hakimu Louis Anthing aliripoti kwa serikali ya koloni la Rasi jinsi walowezi walivyokuwa wakiwamaliza Wasan wa kaskazini kwa bunduki na kwa kuwanyang'anya maji na mawindo. Je, mtu aliye katika hali hiyo atasema kweli? Anaweza kuficha, na bila shaka kuna yaliyofichwa. Inaelezwa kwamba Qing mwenyewe alisema yapo mambo ambayo hakuruhusiwa kuyajua. Hata hivyo Bleek alikuwa akitafuta lugha na ngano, wala hakuwa na nadharia ya michoro ya kulishwa. Wala sioni heshima gani tunayomfanyia //Kabbo, aliyebaki mbali na mkewe ili maneno yake yaandikwe, tukiyaweka kando kwa kuwa gereza lilikuwa ovu.

Serikali ya Afrika Kusini ilijaribu kulipa deni hilo kwa namna yake. Nembo ya taifa iliyozinduliwa tarehe 27 Aprili 2000 ina watu wawili waliotolewa kwenye jiwe la Linton, bamba lililokatwa mwambani mashariki mwa Rasi karibu mwaka 1917 na kupelekwa makumbusho ya Cape Town, na chini yake kuna maneno ya /Xam yanayowahimiza watu walio tofauti waungane. Lugha hiyo haina tena msemaji hata mmoja. Imebaki kwenye sarafu na kwenye daftari za Bleek na Lloyd, na kwa kweli bila daftari hizo isingekuwako hata kwenye sarafu.

Kwa Tanzania habari hii si ya mbali. Michoro ya Kondoa, aliyoinakili Mary Leakey mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, bado inaelezwa mara nyingi kwa mtindo wa "walichora walichowinda". Huko Mungomi wa Kolo watu huenda mpaka leo kuomba mvua na uponyaji, na wahifadhi wana wasiwasi wa haki kuhusu pombe na mafuta yanayomwagwa kwenye miamba. Wanaofanya matambiko hayo ni wakulima ambao mababu zao huenda hawakuchora, kama ambavyo Mapote alikuwa mtoto wa chifu Mphuthi. Nako kulikuwa na mwenye kujua. Wasandawe wanaoishi jirani wana ngoma yao ya simbo, ambamo wachezaji husemekana kugeuka simba. Eric Ten Raa alipokaa kwao aliwakuta watu walioweza kumweleza kwamba uchoraji ulihusiana na uwindaji na pia na sadaka, akayaandika hayo kwenye makala ya mwaka 1971. Watoto wa watu hao, walio hai, sasa nao ni wazee.